Wakili wa Kesi za Pamoja Alitokea Wapi?

Tangu mwaka 2003, jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani akikubali kesi iendeshwe kwa niaba ya kundi zima la watu, ni lazima ateue mawakili wa kundi hilo kwa amri yake mwenyewe. Kifungu cha (g) cha Kanuni ya 23 ya mwenendo wa kesi za madai, ile inayosimamia kesi za pamoja, kinamtaka apime mambo manne kabla ya kuteua: kazi ambayo mawakili wamekwisha kuifanya katika kuyatafuta na kuyachunguza madai, uzoefu wao katika kesi za pamoja, kesi nyingine nzito na madai ya aina hiyo, wanavyoijua sheria inayohusika, na fedha na watu ambao wako tayari kuwatoa. Ndiyo maana maombi ya uteuzi huambatanishwa na wasifu wa kampuni nzima ya mawakili, mara nyingi kurasa makumi, unaoeleza kila wakili alisoma wapi, alimsaidia jaji gani, alikaa serikalini miaka mingapi na alihusika katika kesi zipi.

Wengi huuchukulia wasifu huo kama tangazo la biashara. Ni zaidi ya hapo. Katika kesi ya kawaida mteja humchagua wakili wake na humwondoa akitaka. Katika kesi ya pamoja mtu anaweza kuwa mwanakundi bila hata kujua, akaja kupokea taarifa miaka kadhaa baadaye, na haki yake ikafungwa kwa makubaliano yaliyosainiwa na watu asiowafahamu kabisa. Hakuwahoji, hakuwapa maelekezo, na sehemu ya fidia yake itawalipa. Kinga yake ni jaji, na jaji naye hutegemea kwa kiasi kikubwa historia ya kazi ya mawakili waliosimama mbele yake.

Tatizo ni kwamba historia hiyo husomwa vibaya. Macho hukimbilia jina la chuo, tuzo za majarida ya sheria na jumla ya mabilioni ambayo kampuni inasema imewarudishia wateja. Hayo hayasemi mengi. Kinachofaa ni kuipanga historia ya kila wakili sambamba na hatua za kesi na kuuliza: mtu huyu ameifanya hatua ipi kwa mikono yake, akiwa upande gani? Kesi ya pamoja ni ndefu na ina hatua zisizofanana hata kidogo. Kampuni ikikosa mtu wa hatua mojawapo, hapo ndipo kesi itakapokwama, hata kama hatua nyingine zote zina mabingwa.

Tuanze na kesi za wanahisa, ambako jambo hili linaonekana waziwazi. Kabla ya mwaka 1995 mawakili walishindana kuwahi mahakamani: bei ya hisa ikianguka asubuhi, hati ya madai ilikuwa imesajiliwa kabla ya jua kuzama, kwa jina la mwanahisa mdogo aliyekuwa tayari. Hali hiyo ilizaa uovu. Milberg Weiss, kampuni iliyotawala uwanja huo kwa miaka mingi, ilishtakiwa mwaka 2006 kwa kuwalipa watu kwa siri ili wawe wadai. William Lerach na Melvyn Weiss, majina makubwa kuliko yote katika fani hiyo, walikiri makosa na wakahukumiwa vifungo mwaka 2008.

Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwishoni mwa 1995 ilibadilisha mpangilio. Anayefungua kesi ya hisa ana siku 20 za kutangaza kwamba ameifungua, na yeyote anayetaka kuwa mdai kiongozi ana siku 60 tangu tangazo hilo kuomba. Mahakama humwelekea mwombaji mwenye hasara kubwa zaidi, naye ndiye anayechagua wakili, kwa idhini ya jaji. Matokeo yake, mifuko ya pensheni ya walimu, polisi na watumishi wa majimbo ikawa wateja wa kugombewa. Na ndani ya kampuni za mawakili ikazaliwa idara mpya, ya watu waliowahi kuwa wanasheria wa mifuko hiyo au wa ofisi za wanasheria wakuu wa majimbo. Kazi yao ni kufuatilia hisa za mfuko, kuupigia hesabu ya hasara na kuishauri bodi yake kama inafaa kuingia kwenye kesi.

Hawa wana manufaa halisi. Mtu aliyekaa kwenye ofisi ya mfuko anajua bodi hukutana lini, nani ana mamlaka ya kusaini, na kwamba siku 60 hazitoshi kama karatasi zinaanza kuandaliwa siku ya 50. Lakini hapa ndipo pa kuangalia kwa jicho kali, kwa sababu uzoefu huu ni wa kujuana na watu. Katika kesi dhidi ya benki ya State Street huko Boston, iliyomalizwa mwaka 2016 kwa dola milioni 300 na mfuko wa walimu wa Arkansas ukiwa mdai kiongozi, ilikuja kugundulika kwamba zaidi ya dola milioni 4 za ada zilikwenda kwa wakili wa Texas ambaye hakuifanyia kesi ile kazi yoyote. Alilipwa kwa sababu miaka ya nyuma alisaidia kuikutanisha kampuni na mfuko ule. Jaji hakuambiwa alipoidhinisha ada. Kwa hiyo wasifu ukisema wakili fulani ana “mahusiano ya muda mrefu na wawekezaji wa taasisi”, swali la kufuata ni analipwa kwa kazi gani hasa.

Mteja akishapatikana, unakuja upelelezi, na hapa sheria ileile ya 1995 iliweka ukuta. Kesi ya hisa ikifunguliwa, haki ya mdai ya kudai nyaraka za upande wa pili husimamishwa hadi mahakama iamue ombi la mdaiwa la kutaka kesi itupwe. Wakati huohuo hati ya madai lazima ieleze kwa undani nani alijua nini, lini, na kwa nini inaaminika alikusudia kudanganya. Mahakama ya Juu iliongeza uzito mwaka 2007 katika kesi ya Tellabs: dhana ya nia mbaya lazima iwe na nguvu angalau sawa na maelezo yoyote mengine yanayoingia akilini. Unatakiwa kueleza yaliyomo ndani ya nyumba kabla hujaruhusiwa kufungua mlango.

Njia iliyobaki ni kuzungumza na wafanyakazi walioacha kazi. Ndiyo sababu kampuni hizi huajiri maofisa wastaafu wa FBI, waandishi wa habari za uchunguzi na wahasibu waliobobea katika kufukua ulaghai. Mpelelezi hupata majina, hupiga simu, hujitambulisha anafanya kazi kwa nani, na huandika maelezo. Watoa habari huingizwa kwenye hati bila majina, kwa namba tu pamoja na cheo na kipindi walichofanya kazi. Mhasibu naye husoma taarifa za fedha za miaka kadhaa akitafuta mahali mapato yalipotangulizwa au madeni mabovu yalipofichwa.

Kinachoharibika katika hatua hii kimeandikwa kwenye hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7 (mojawapo ya kanda za rufaa za shirikisho) ya mwaka 2013, katika kesi ya wanahisa wa Boeing iliyohusu kuchelewa kwa ndege ya 787. Hati ya madai ilimtegemea mtoa habari mmoja wa siri, aliyeelezwa kuwa mhandisi wa Boeing aliyeyaona mafaili ya majaribio ya ndege kwa macho yake. Kesi ilivuka ombi la kutaka itupwe kwa nguvu ya maelezo hayo. Upande wa utetezi ulipomfikia mtu huyo, alikana karibu kila kitu: hakuwahi kuajiriwa na Boeing, alikuwa kwa mkandarasi, na hakuwa na habari alizodaiwa kuwa nazo. Mawakili hawakuwa wamezungumza naye kabla ya kuwasilisha hati. Aliyezungumza naye alikuwa mpelelezi wao tu. Kesi ilitupwa, na mwaka uliofuata mahakama ya chini iliwapa mawakili adhabu.

Fundisho la kesi ile kwa anayesoma wasifu ni la moja kwa moja. Kuwa na mpelelezi aliyetoka FBI hakutoshi. Anahitajika pia wakili ndani ya chumba ambaye ana mazoea ya kumhoji shahidi mwenyewe kabla ya kumtegemea, na mazoea hayo hupatikana zaidi kwa waliokuwa waendesha mashtaka wa serikali. Mwendesha mashtaka hukutana na shahidi wake ana kwa ana, humrudisha kwenye maelezo yake mara kadhaa, na huangalia kama ajira yake na tarehe zake zinalingana na karatasi. Hilo ndilo zoezi lililokosekana.

Waendesha mashtaka na waliokuwa maofisa wa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, wana sifa nyingine inayofaa baadaye, kwenye mahojiano chini ya kiapo. Kanuni ya 30 inampa kila upande mahojiano kumi bila ruhusa ya ziada, kila moja siku moja ya saa saba. Mkurugenzi wa fedha aliyeandaliwa vizuri na mawakili wake anaweza kuzimaliza saa saba kwa kusema hakumbuki. Aliyewahi kuhoji mbele ya baraza la mashtaka anajua kumfunga shahidi kwa waraka mmoja mmoja, swali fupi baada ya swali fupi, mpaka jibu la “sikumbuki” lenyewe ligeuke ushahidi. Lakini wana udhaifu ambao wasifu hauutaji. Serikalini walikuwa na hati za wito za kutumia kabla kesi haijafunguliwa, wapelelezi wenye bunduki na tishio la jela. Kwenye kesi ya madai hawana kimojawapo, na baadhi yao huchukua miaka kuizoea hali hiyo. Vilevile sheria ya shirikisho inawafunga maisha kutomwakilisha mtu mbele ya serikali au mahakama ya shirikisho katika shauri lilelile mahususi walilolishughulikia wao wenyewe wakiwa watumishi, pale serikali inapokuwa na maslahi katika shauri hilo. Kampuni ikijivunia kwamba mtu wake alichunguza sekta fulani akiwa serikalini, iulizwe mapema kama anaruhusiwa kuigusa kesi iliyoko mezani.

Kati ya upelelezi na mahojiano kuna vita ya karatasi. Mdaiwa huleta ombi la kutaka kesi itupwe, na majibu ya mdai mara nyingi hubanwa ndani ya kurasa 25 au hesabu ya maneno inayolingana nazo. Hapo wanaotegemewa ni waliokuwa makarani wa majaji. Karani wa jaji wa shirikisho si mtu wa kupokea majalada. Ni mhitimu wa sheria, kwa kawaida miongoni mwa waliofaulu vizuri zaidi, anayekaa na jaji mwaka mmoja au miwili akifanya utafiti na kuandaa rasimu za maamuzi. Ameona hati mia kadhaa zikipita, anajua ni aya ipi jaji huiruka na ni hoja ipi humfanya arudi kusoma upya. Thamani yao ni kubwa na inastahili sifa inayopewa. Ila kampuni inaweza kuwa na makarani wanane wa zamani kwenye orodha yake, wote waandishi hodari, na kukosa hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, na kuwashawishi.

Kundi ambalo kwa maoni yangu lina thamani kubwa kuliko linavyopewa ni la waliovuka kutoka upande wa utetezi. Wakili aliyezitetea benki au kampuni za dawa miaka minane anajua vitu ambavyo havifundishwi popote. Anajua kwamba orodha ya nyaraka zinazozuiwa kwa kisingizio cha siri ya wakili na mteja huandaliwa haraka na vijana waliochoka, kwa hiyo ndani yake huwa kuna barua pepe za kawaida za kibiashara ambazo wakili alinakiliwa tu. Anajua kwamba ukipewa nyaraka za wafanyakazi kumi, wa kumi na moja, msaidizi wa mkurugenzi anayepanga ratiba yake, ndiye mwenye kalenda inayoonyesha mkutano ulifanyika. Anajua kuomba maagizo ya kuzuia ufutaji wa data: yalitolewa lini, kwa nani, na simu za mkononi ziliguswa au la.

Zaidi ya yote anaijua bima. Kampuni kubwa za Marekani huwakatia wakurugenzi wao bima inayopangwa kwa tabaka, kampuni moja ya bima juu ya nyingine, na kwa kawaida gharama za utetezi hukatwa kwenye kiwango kilekile cha kulipa fidia. Maana yake kila mwezi wa mabishano hupunguza fedha ambazo wanakundi wangepata. Kanuni ya 26 inamtaka mdaiwa aonyeshe mikataba ya bima mapema, bila kuombwa. Wakili asiyejua kusoma tabaka hizo anaweza kukataa dola milioni 40 mwezi wa sita wa kesi na kuja kugundua mwezi wa ishirini kwamba tabaka la chini limekwisha na la juu linabishia masharti. Anayehama upande hubeba pia migongano ya maslahi: hawezi kumshitaki mteja wake wa zamani katika jambo linalohusiana sana na alilomfanyia, na katika majimbo mengi kampuni nzima inaweza kuzuiwa asipotengwa na shauri hilo kwa utaratibu ulioandikwa. Mdaiwa mwerevu huisubiri hoja hii na kuitoa wakati unaoumiza.

Nyaraka zikishatolewa, huja kwa mamilioni ya kurasa. Wanaozisoma ndio watu wasiotajwa kabisa kwenye wasifu wa kampuni, au wanaotajwa kwa mstari mmoja mwishoni. Ni mawakili wenye leseni walioajiriwa kwa mkataba wa muda au kwa cheo cha chini kisicho na njia ya kupanda kuwa mbia. Hukaa mbele ya programu ya kompyuta saa nane hadi kumi kwa siku, wakiweka alama kwenye kila waraka: unahusika, hauhusiki, ni wa siri, ni wa moto. Ule wa moto ndio unaofika kwa mbia na hatimaye kwa shahidi. Kesi nyingi zimegeuka kwa sababu mtu mmoja wa ngazi hii aliiona barua pepe ya mistari mitatu saa kumi jioni na akaelewa maana yake.

Ada inapoombwa, saa zao ndizo hujaza jedwali. Jaji hutumia mojawapo ya njia mbili: asilimia ya fidia, ambayo katika Mzunguko wa 9 huanzia kwenye kipimo cha asilimia 25, au saa zilizofanywa kuzidishwa kwa bei ya saa. Mara nyingi hutumia moja na kuipima kwa nyingine. Kadiri msomaji wa nyaraka anavyoandikwa bei ya juu, ndivyo hesabu ya pili inavyoihalalisha ya kwanza. Turudi State Street. Kampuni zilizoshirikiana zilikubaliana kwamba moja ilipe mishahara ya baadhi ya wasomaji walioketi kwenye ofisi za wenzao. Mwishoni, saa za wasomaji walewale ziliwasilishwa na kampuni zaidi ya moja, na hesabu ikapanda kwa zaidi ya dola milioni 4. Ndugu wa mbia mmojawapo aliandikwa dola 500 kwa saa. Gazeti la Boston Globe lilipoyachimba mambo hayo mwaka 2016, jaji Mark Wolf aliteua mchunguzi maalumu, na mwaka 2020 akashusha ada kutoka takriban dola milioni 75 hadi milioni 60. Makosa hayo yasingewezekana kama wasifu wa kila aliyetajwa kwenye jedwali ungekuwa umewekwa kando ya bei yake.

Hatua hii ya kusoma nyaraka inawahusu moja kwa moja wanasheria wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani, maana ndiyo lango lililo wazi zaidi kwao. New York huruhusu mwenye shahada ya sheria kutoka nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, kama Kenya, Uganda au Tanzania, kuomba kufanya mtihani wa uwakili. Muda na maudhui ya shahada yake yakionekana yanalingana, hahitaji masomo zaidi. Kimojawapo kikipungua, huziba pengo kwa shahada ya uzamili ya angalau krediti 24 katika chuo cha sheria cha Marekani kinachotambuliwa. Alama ya kufaulu ni 266 kati ya 400, na juu yake kuna mtihani wa maadili na saa 50 za kazi ya kisheria ya kujitolea. Leseni ikipatikana, usomaji wa nyaraka hupatikana haraka kuliko kazi nyingine. Ushauri wa kweli kwa anayeingia humo ni kuomba mapema kazi inayobakiza alama: kuandika muhtasari wa nyaraka za shahidi mmoja, kuandaa jalada la mahojiano yake, kukaa chumbani anapohojiwa. Miaka minne ya kuweka alama kwenye skrini, bila hata mahojiano moja, ni vigumu kuieleza kwa mwajiri wa pili.

Kuhusu wataalamu wa uchumi nitasema kidogo, kwa kuwa hawa huwa nje ya kampuni. Kinachotakiwa ndani ni wakili anayeweza kubishana nao kabla mdaiwa hajafanya hivyo. Katika kesi ya Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo, Mahakama ya Juu ilivunja kundi mwaka 2013 kwa sababu hesabu ya hasara ilijengwa juu ya nadharia nne wakati mahakama ya chini ilikuwa imebakiza moja, na mtaalamu hakuweza kuitenga hasara ya hiyo moja. Wakili aliyesoma takwimu au aliyewahi kuwa mhasibu angeuliza swali hilo wiki ya kwanza.

Kisha kuna kusikilizwa kwa kesi yenyewe mbele ya wazee wa baraza, na hapa wasifu mwingi hunyamaza. Kesi nyingi za pamoja hutupwa au humalizwa kwa makubaliano, kwa hiyo mtu anaweza kuwa mbia kwa miaka ishirini bila kuifikisha hata moja kwenye hukumu. Mdaiwa analijua hilo, na ofa yake huwa ndogo kwa kampuni ambayo haijawahi kuvuka mstari huo. Kesi ya wanahisa wa Household International ilifunguliwa Chicago mwaka 2002, ikashinda mbele ya baraza mwaka 2009, ikapigwa na rufaa mwaka 2015 iliyoamuru isikilizwe upya kwa sehemu, na ikamalizwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 1.575, siku ya kuanza upya ikiwa imewadia. Kiasi kile kilitoka kwa sababu mdaiwa aliwaamini mawakili wale kwamba wangesimama tena. Upande wa pili wa shilingi ni kesi ya wanahisa wa Tesla huko San Francisco. Jaji alikuwa amekwisha kuamua kwamba maneno ya Elon Musk ya mwaka 2018 kuhusu fedha za kuinunua kampuni hayakuwa ya kweli, na bado Februari 2023 baraza lilimwachia baada ya kujadiliana kwa muda usiofika saa mbili. Kumshawishi mtu wa kawaida kwamba uongo ulimsababishia mwenzake hasara ni ufundi wa peke yake, na wanaoujua zaidi ni mawakili wa kesi za majeruhi na waendesha mashtaka, ambao hukutana na wazee wa baraza mara nyingi.

Kwa nini kampuni za aina hii hazikuota Nairobi? Sababu moja ni sheria. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, ilhali mfumo mzima wa Marekani umesimama juu ya malipo ya namna hiyo. Kwa hiyo madai ya wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kuhusu sumu ya madini ya risasi yalibebwa na wanaharakati na mashirika badala ya kampuni yenye wapelelezi na wasomaji nyaraka wake. Waliotafuta kampuni za nje waliona tofauti ya maandalizi. Wazee wa Mau Mau walioongozwa na kampuni ya Leigh Day ya London walianza na wadai watano wa majaribio mwaka 2009, wakiwa na wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakitoa ushahidi wa kumbukumbu za kikoloni. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Madai mengine ya watu zaidi ya 40,000, yaliyobebwa na mawakili wengine, yalitupwa na Mahakama Kuu ya London mwaka 2018 hasa kwa sababu ya kupitwa na muda. Sheria ya Uingereza haina kesi ya pamoja ya aina ya Kimarekani kwa madai kama hayo, lakini kuchagua wadai wachache wenye ushahidi mzito kabla ya kukusanya maelfu ni uamuzi wa watu wenye historia ya kazi ya aina fulani.

Anayetaka kuukagua wasifu badala ya kuuamini ana zana. Kumbukumbu za mahakama za shirikisho ziko kwenye mfumo wa PACER, senti 10 kwa ukurasa, waraka wa kawaida usizidi dola 3, na asiyefikisha zaidi ya dola 30 katika robo mwaka hatozwi. Chukua kesi tatu zilizotajwa kwenye wasifu. Tafuta kwanza amri ya uteuzi: je, kampuni iliteuliwa kuongoza, au ilikuwa mojawapo ya nyingi zilizosaidia? Fidia ya wanahisa wa Enron, kampuni ya nishati iliyofilisika, ya zaidi ya dola bilioni 7 ilikuwa na kampuni moja kiongozi, lakini kampuni iliyofanya kazi ndogo kwenye kesi yoyote kubwa inaweza kuandika kwamba “ilishiriki” na kuutaja mzigo wote. Pili, angalia nani alisimama kutoa hoja siku ya ombi la kutupa kesi na siku ya kuthibitisha kundi. Jina lake liko kwenye mwenendo wa siku hiyo.

Tatu, na hii ndiyo karatasi inayosema ukweli kuliko zote, fungua kiapo kilichoambatanishwa na maombi ya ada. Kina jedwali la kila mtu, cheo chake, saa zake na bei yake. Mbia anayepamba ukurasa wa kwanza wa wasifu akiwa na saa 40 huku kesi ikiwa imechukua saa 30,000, basi si yeye aliyeiendesha. Mtafute mwenye saa 2,500, soma alitokea wapi, kisha angalia kama bado yuko kwenye kampuni hiyo. Mara nyingi amekwisha kuhama, na sifa ya kesi ile imebaki kwenye ukuta wa waliomwajiri zamani. Katika kesi ya dizeli ya Volkswagen mwaka 2016, jaji Charles Breyer alimteua Elizabeth Cabraser kuongoza pamoja na wenzake 21, kila mmoja kwa jina lake. Majaji wengine wakifanya hivyo, na kudai kwamba aliyeteuliwa akihama arudi mahakamani kueleza nani anashika nafasi yake, wanakundi watajua walikabidhiwa kwa nani.